Mnara wa Lugalo: Jiwe la Walioshindwa

Wakazi wengi wa Dar es Salaam wakisikia Lugalo hufikiria kambi ya jeshi na hospitali yake. Lugalo yenyewe iko Uhehe, mashariki ya mji wa Iringa, kando ya barabara kuu ya Morogoro. Hapo umesimama mnara wa mawe uliojengwa na Wajerumani kumkumbuka kamanda wao, Emil von Zelewski, na wenzake waliouawa naye tarehe 17 Agosti 1891.

Zelewski, ambaye watu wa pwani walimpa jina la Nyundo, alipelekwa bara kumtiisha Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Njiani alichoma vijiji. Asubuhi ya siku hiyo ya Agosti msafara wake ulikuwa ukipita katikati ya vichaka na mawe, askari na wapagazi wakiwa wamepanga mstari mrefu, mizinga ikiwa imebebwa na punda. Wahehe walikuwa wamejificha karibu kabisa na njia. Walipochomoka na mikuki, askari wengi hawakuwahi hata kujaza risasi. Zelewski aliuawa kwa mkuki, na Wazungu 10 kwa jumla wakapoteza maisha pamoja na mamia ya askari na wapagazi Waafrika. Bunduki na mizinga vikaangukia mikononi mwa Wahehe, nao pia wakazika vijana wao wengi.

Wajerumani walijipanga upya. Mwaka 1894 waliivunja kwa mizinga ngome ya mawe ya Mkwawa huko Kalenga, lakini yeye hawakumpata. Aliwasumbua msituni kwa karibu miaka minne, huku kichwa chake kikiwa kimetangaziwa zawadi ya rupia 5,000. Julai 1898, alipozingirwa, alijipiga risasi ili asikamatwe. Kichwa chake kilikatwa na kuchukuliwa na Wajerumani, na fuvu likadaiwa hata katika Mkataba wa Versailles wa 1919. Lilirudishwa mwaka 1954, chini ya Gavana Edward Twining, na kukabidhiwa mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge.

Wapo wanaouona mnara wa Lugalo kuwa aibu ya ukoloni isiyostahili kutunzwa. Siungi mkono. Wajerumani waliujenga kwa heshima ya wafu wao, lakini kwa kufanya hivyo waliandika kwa mkono wao wenyewe kwamba hapa walipigwa. Ushahidi wa adui ni mzito kuliko majigambo yetu.

Ila jiwe hilo pekee halitoshi. Msomaji, ukisafiri kwenda Iringa na watoto, simama Lugalo uwaeleze nani alishinda. Kisha wapeleke Kalenga, lilikohifadhiwa fuvu, na Mlambalasi, ulikozikwa mwili. Wakirudi nyumbani wawe wanalijua jina la Mkwawa kabla ya jina la Zelewski.