Ujazaji upya wa risasi

Ujazaji upya wa risasi ni kazi ya kuchukua ganda lililokwisha kufyatuliwa na kulitia fataki, baruti na kichwa kipya ili litumike tena. Nchini Marekani hufanywa nyumbani na wawindaji na walenga shabaha, na sheria ya shirikisho haimdai leseni mtu anayejaza kwa matumizi yake mwenyewe. Nchini Tanzania utengenezaji wa risasi unadhibitiwa na serikali. Hata hivyo kazi hii imewahi kufanyika nchini kwa kiwango kikubwa, hasa mjini Moshi mwaka 1915, na mambo yaliyotokea huko yanaonyesha ugumu wake ulipo: fataki.

Sehemu za risasi

Risasi ya kisasa ina sehemu nne. Ganda hushika sehemu nyingine zote. Lililo bora kwa kujazwa upya ni la shaba ya manjano, yaani mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, aghalabu kwa uwiano wa 70 kwa 30. Fataki hukaa kwenye kitako cha ganda, nayo hutoa cheche inapogongwa na pini ya bunduki. Baruti huungua na kutoa gesi. Kichwa ndicho kinachosukumwa na gesi hiyo kupita kwenye mtutu. Baada ya mlio, kinachobaki cha kutumika tena ni ganda peke yake.

Mwaka 1866 zilisajiliwa fataki za aina mbili zinazotumika hadi leo. Ile ya Mwingereza Edward Boxer hukaa kwenye ganda lenye tundu moja katikati, hivyo hung'olewa kwa msukumo mmoja wa pini. Ile ya Mmarekani Hiram Berdan hukaa juu ya matundu mawili madogo, na kung'olewa kwake ni kwa shida. Kwa sababu hiyo wajazaji wa nyumbani karibu wote hutumia maganda ya Boxer.

Vifaa vya kuanzia

Kifaa kikuu ni presi ya mkono inayofungwa imara kwenye meza, pamoja na kalibu za chuma za kipenyo cha bunduki husika. Ganda likifyatuliwa hupanuka. Kalibu ya kwanza hulirudisha kwenye kipimo chake na kung'oa fataki iliyokufa. Ya pili hukaza kichwa kipya mdomoni. Ganda hushikwa na kishikio kinacholingana na kitako chake, na fataki mpya hupachikwa kwa kifaa maalumu.

Vinavyofuata ni vya kupimia. Mizani husoma uzito kwa grein, kipimo ambacho 7,000 ni ratili moja. Kalipa hupima urefu wa ganda na wa risasi nzima, na ganda lililorefuka hukatwa mdomo. Faneli, kibao chenye matundu cha kusimamishia maganda na miwani ya kukinga macho hukamilisha meza.

Kitabu cha vipimo cha mtengenezaji wa baruti ni kifaa kamili, kwa kuwa kila baruti huungua kwa kasi yake. Baruti isiyo na moshi, iliyobuniwa na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, ina nguvu kupita baruti nyeusi. Ikikosewa aina au kipimo, chemba ya bunduki inaweza kupasuka mkononi mwa mfyatuaji.

Historia katika Afrika Mashariki

Kabla ya risasi za ganda, kila mlio ulikuwa ujazaji. Mwenye gobore alimimina baruti mtutuni, akaweka gololi na kushindilia kwa mdeki. Bunduki ya gumegume iliwashwa na jiwe, na iliyoifuata ikawashwa na fataki. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa na risasi zake kuingia katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini uliacha mlango wazi kwa gumegume na baruti ya kawaida. Waafrika wengi wakabaki na silaha za kushindilia huku majeshi ya wakoloni yakitumia risasi za ganda.

Aprili 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, meli ya Kijerumani Rubens, iliyojifanya ya Denmark kwa jina la Kronborg, ilifika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikifukuzwa na manowari ya Uingereza Hyacinth. Meli ilizamishwa kwenye maji ya kina kifupi, kisha shehena yake ikaopolewa. Risasi zilikuwa zimeingiwa na maji ya chumvi, na kadiri siku zilivyopita nyingi zaidi zilikataa kulia. Kamanda wa majeshi ya Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, anaeleza katika kumbukumbu zake kwamba askari, wapagazi na kila aliyepatikana walifanya kazi Moshi kutwa kwa miezi, wakizifumua risasi, wakisafisha baruti na kubadilisha baadhi ya fataki. Fataki zilizopatikana nchini zilikuwa za aina nyingine. Risasi zilizosalimika ziliwekwa kwa ajili ya bombomu. Zilizojazwa upya ambazo takriban 20 katika kila 100 hazikulia zilipelekwa vitani, na zilizokuwa mbaya zaidi zikatumika mazoezini. Mikono ya kazi ilikuwa tele, baruti ilisafishika, lakini fataki iliyoharibika haikuwa na dawa. Kazi hiyo ya watu wengi wasiotajwa majina inastahili nafasi katika historia ya ufundi nchini.

Nyanungu na Tarime

Nyanungu ni kata ya Wakuria wilayani Tarime, mkoani Mara, jirani na mpaka wa Kenya na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Silaha za asili za eneo hili ni upinde, mishale na mkuki. Vita vya Uganda vya 1978–1979 viliongeza bunduki za kivita katika wizi wa mifugo, jambo lililoandikwa na mwanaanthropolojia Michael Fleisher aliyefanya utafiti Tarime. Risasi za bunduki aina ya SMG, za milimita 7.62, mara nyingi zina ganda la chuma na fataki ya Berdan, kwa hiyo maganda yake hayafai kwa meza ya kujazia.

Sheria na usalama

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inasimamia umiliki na utengenezaji nchini, na Shirika la Mzinga la Morogoro ndilo kiwanda cha risasi cha taifa. Itifaki ya Nairobi ya 2004 inazifunga nchi za ukanda huu kupambana na utengenezaji haramu. Udhibiti huu una sababu ya msingi: alama kwenye kitako cha ganda humwonyesha mpelelezi kiwanda na mara nyingi mwaka, lakini ganda lililojazwa upya huficha aliyelijaza.

Risasi nzima iliyookotwa shambani au porini haifai kugongwa, kufumuliwa wala kutupwa motoni, hata ikiwa na kutu. Fataki ya zamani bado inaweza kuwaka. Watoto waelezwe hivyo mapema, na polisi au ofisi ya kijiji ipewe taarifa.