Mume, Mke na Rafiki wa Moyo katika Kiesperanto

Kiesperanto, lugha ya kubuni ambayo L. L. Zamenhof aliichapisha Warsaw mwaka 1887, hujenga maneno ya unyumba kwa viambishi. Edzo ni mume. Ukichomeka -in- unapata edzino, mke. Wawili hao kwa pamoja ni geedzoj, kwani ge- hujumuisha jinsia zote mbili. Kiambishi bo- huleta ukwe: patro ni baba, bopatro ni baba mkwe.

Mpango huo ni rahisi kujifunza, lakini una kasoro nzito: mwanamume ndiye shina, mwanamke ni nyongeza. Ajabu ni kwamba kihistoria mambo yalikwenda kinyume, maana Zamenhof alipata kwanza edzino, kisha akalikata kupata edzo.

Kwa wapenzi wasiooana, wazungumzaji waliunganisha koro, moyo, na amiko, rafiki, wakapata koramiko. Ni neno zuri, ingawa nalo humtaka mwanamke avae -in-. Ndiyo maana baadhi yao hutumia -iĉ- kumtaja mwanamume, ili shina libaki bila jinsia. Pendekezo hilo ni la haki, ila kanuni za msingi zilizoidhinishwa mwaka 1905 hazina kiambishi hicho.