Mtoto wa Nani, na wa Miaka Mingapi

Mwaka 1922 huko Butiama, Mgaya wa Nyang'ombe, mke wa tano wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, alijifungua mtoto wa kiume mvua ikinyesha. Mtoto akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Katika mji wa mtemi mwenye wake 22, hakuna aliyehitaji kalenda ili ajue mtoto yule ni nani. Alizaliwa ndani ya mkondo wa vizazi wa baba yake, na mikondo ilikuwa miwili, Saai na Chuma. Huo ndio ulioelekeza nani aamkiwe kwa heshima na nani ataniwe. Kaskazini, kwa Wakurya, mtu mzima alijitambulisha kwa saro yake, yaani kundi la waliotahiriwa msimu mmoja. Kujua umri wa mtu kulikuwa kujua nani amemtangulia na nani anamfuata.

Leo, katika nchi ambako watoto wa Mara wamekwenda kuishi, umri ni tarehe tu. Ikipita kwa siku moja, mtoto si mtoto tena mbele ya sheria, na fundi hodari hahitajiki tena. Familia nyingi za Musoma, Bunda na Butiama zimekwama hapo, kila moja ikidhani imepatwa na mkosi wake. Mkosi haupo. Kuna sheria zilizotungwa na watu, kwa sababu zinazojulikana, katika muda usiozidi miaka 70.

Kabla watu hawajahama, mpaka ndio ulioletwa kwao. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari uanzie mdomo wa mto Umba, uzunguke Kilimanjaro, ufike Ziwa Victoria kwenye nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Wakurya na Wajaluo wakajikuta na shangazi upande huu na mjomba upande ule. Kwa miongo mingi mstari huo ulivukwa kwa miguu, watu wakienda kuoa, kuzika na kudai ng'ombe wa mahari. Kisha Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Aliyekuwa Sirari, upande wa Tanzania, na dada yake ameolewa Isebania, upande wa Kenya, alionja miaka hiyo serikali ikisimama katikati ya ndugu, ingawa walitenganishwa na mwendo wa dakika chache.

Safari za mbali zilikuwa na desturi nyingine. Kambarage aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na miaka 12, akapita Tabora na Makerere, na mwaka 1949 akaenda Edinburgh kwa ufadhili wa masomo. Mchumba wake, Maria Gabriel, binti wa Baraki, alibaki nyumbani, na wakaoana Januari 1953 baada ya masomo kwisha. Hakuna aliyeuliza kama mchumba anaweza kumfuata, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba msomi angebaki Uskoti. Mtu alikwenda, familia ikasubiri, mtu akarudi.

Sheria ya wakati ule nayo inastahili kutazamwa, maana wengi huamini kwamba zamani Uingereza ilikuwa wazi kwetu. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na mwenyeji wake hakuwa raia wa Uingereza. Alikuwa mtu aliye chini ya ulinzi wake tu. Tarehe 9 Desemba 1961 akawa raia wa nchi huru ya Jumuiya ya Madola, na hapo ndipo alipopata haki ya kuingia Uingereza na kuishi bila kuomba kibali. Haki hiyo ilizimwa na Sheria ya Wahamiaji wa Jumuiya ya Madola, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1962. Mlango ulikaa wazi kwa Mtanganyika kwa muda usiotimia miezi 7.

Kwangu mimi sheria hiyo ya 1962 ndiyo chimbuko la karibu yote yanayowasumbua watu wetu leo. Iliweka vocha za aina tatu: A kwa aliyekwisha kupata kazi, B kwa mwenye ujuzi unaotakiwa, kama mwuguzi, mwalimu au daktari, na C kwa wengine wote. Vocha za C zilikoma baada ya miaka michache. Mwenye vocha aliweza kufuatwa na mkewe na watoto wake walio chini ya miaka 16. Ujuzi ukawa mlango wa mtu mzima na utoto ukawa mlango wa anayemfuata. Kaka, mpwa na mama mkwe hawakuachiwa mlango wa namna hiyo.

Waliokumbana na milango ya namna hiyo mapema katika mji wa Musoma walikuwa Wahindi wenye maduka. Baada ya uhuru, wengi walipewa miaka 2 ya kuamua kama watajiandikisha kuwa raia wa Tanganyika au watabaki na pasipoti za Uingereza. Familia zingine ziligawana: baba akachukua uraia wa hapa, kaka akabaki na pasipoti ya Malkia, kwa hesabu kwamba mmoja akikwama mwingine atamwokoa. Machi 1968 Uingereza ikaifanya pasipoti hiyo isitoshe. Sasa mwenye nayo, kama hakuwa na mzazi au babu aliyezaliwa Uingereza, alihitaji vocha maalumu, na zilitolewa 1,500 tu kwa mwaka kwa Afrika Mashariki, kwa wakuu wa kaya. Mke hakuhesabiwa mkuu wa kaya labda awe mjane au ameachika, au mume hajiwezi. Aprili 1971 serikali yetu ikataifisha majengo yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, foleni ya vocha ikarefuka, na mwaka uliofuata Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka. Mwaka 1973 Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema kwamba Uingereza iliwabagua watu hao kwa rangi, na kwamba ubaguzi huo uliwadhalilisha. Hata hivyo mpango wa vocha uliendelea hadi 2002.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 maofisa wa Uingereza walifikia kupiga eksirei mifupa ya watoto, wengi wao wa Bara Hindi, ili kukadiria kama kweli bado ni wadogo vya kutosha kumfuata baba. Madaktari walipinga, na zoezi likasimamishwa 1982. Mtoto aliyekuja kumwona baba yake alichunguzwa kama mshukiwa.

Wenyeji wa Mara wenyewe, Wajita, Wakwaya, Wazanaki, Waikizu, Wakurya na Wajaluo, walivutwa zaidi na Marekani, na sababu yake iko jirani. Wamenonaiti kutoka Marekani walifika Shirati mwaka 1934, na mapadre wa Maryknoll walifika Musoma 1946, wakaanzisha pia chuo cha Makoko ambako wageni hufundishwa Kiswahili hadi leo. Kwa hiyo kijana wa hapa aliweza kumjua Mmarekani kwa jina kabla ya kumjua mtu wa Dar es Salaam. Sheria ya Marekani ya 1965 ilifuta mgawo wa kufuata nchi ya asili na kuipa familia kipaumbele: mke au mume, mtoto asiye na ndoa aliye chini ya miaka 21, wazazi wa raia aliyetimiza miaka 21, hata kaka na dada wa raia.

Kaka na dada! Hapo watu wetu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia, kwa kuwa nchi nyingi tajiri hazina nafasi hiyo. Ila foleni ya ndugu wa raia huzidi miaka 10. Kaka anayeombewa leo akiwa na watoto wa shule ya msingi ataitwa balozini wakiwa watu wazima, na aliyevuka miaka 21 huachwa. Sheria ya 2002 ya kulinda hadhi ya mtoto ilipunguza ukali huo kwa kutoa kwenye umri siku ambazo maombi yalikaa yakishughulikiwa, lakini miaka ya kusubiri foleni haitolewi. Wazazi wakakabiliwa na uamuzi wa kwenda na wadogo na kumwacha mkubwa Bunda, au kutokwenda kabisa.

Bahati nasibu ya Green Card, iliyoanza kutoa viza mwaka 1995, haikudai ndugu. Ilidai elimu ya sekondari, au miaka 2 ya uzoefu katika kazi yenye mafunzo. Lakini ilidai pia kila mtoto atajwe tangu siku ya kujaza fomu. Washindi wamekataliwa kwa kumsahau mtoto wa nje ya ndoa, na wengine kwa kumwandika mpwa waliyemlea tangu anyonye, wakiamini kwa moyo safi kwamba ni mtoto wao.

Kuanzia miaka ya 1960 kulikuwa na mtindo mwingine, wa pointi. Kanada iliuanza Oktoba 1967, Australia ikaufuata 1979. Hapa umri unapimwa kwa kijana na mtu mzima, siyo kwa mtoto tu. Kwa jedwali la Australia la sasa, mwenye miaka 25 hadi 32 hupewa pointi 30. Siku anapofikisha 33 anabaki na 25. Akifikisha 40 anabaki na 15. Akifikisha 45 haalikwi kabisa. Kabla ya Julai 2017 mwisho ulikuwa 50. Kanada humpa pointi kamili za umri mwenye miaka 20 hadi 29, na sifuri kuanzia 45. Ujerumani, kupitia Chancenkarte iliyoanza Juni 2024, haimpi pointi ya umri aliyevuka 40. Na udugu? Kanada hutoa pointi 15 kwa mwenye kaka au dada anayeishi kule akiwa raia au mkazi wa kudumu. Australia nayo ina viza ya mikoani, namba 491, ambayo kwayo ndugu, hata shangazi au binamu, anaweza kukudhamini, na udhamini huo una thamani ya pointi 15. Hatimaye sheria imemwona shangazi! Lakini imemwona kama nyongeza ya cheti, na kwa sharti kwamba anayedhaminiwa hajafikisha 45.

Nimekaa na mama mmoja wa Nyasura, Bunda, ambaye bintiye ni mwuguzi katika mji mdogo wa Australia. Binti alitaka kumdhamini kaka yake, fundi umeme. Mama alitoa kwenye sanduku la bati cheti cha ubatizo cha mwanawe, kimekunjwa mara nne, wino umefifia kwenye mikunjo. Tarehe ya kuzaliwa: 1/1/1980. Mama akatikisa kichwa. Mumewe aliondoka na jeshi Novemba 1978 kwenda vita vya Kagera, akarudi Agosti 1979, na mtoto akazaliwa mvua za Aprili zikinyesha, mwaka 1980. Katekista hakuuliza mvua. Aliandika mwanzo wa mwaka, kama ilivyoandikwa kwa watoto wengi waliopelekwa kubatizwa wakiwa wanatembea. Kutoka kwenye cheti hicho tarehe ikahamia shule ya msingi, cheti cha kidato cha nne, kitambulisho cha NIDA na pasipoti. Tarehe 1 Januari 2025 ilipofika, fundi alikuwa bado anasubiri majibu ya tathmini ya ujuzi wake. Kwa kumbukumbu ya mama yake alikuwa na miaka 44. Kwa karatasi alikuwa na 45. Mtu anaweza kwenda kula kiapo mahakamani na kusahihisha, lakini ofisa wa viza anayeona tarehe imebadilishwa miezi michache kabla ya ukomo wa umri hatasadiki, na huwezi kumlazimisha.

Hilo la tarehe za kuzaliwa liko mikononi mwetu sisi wenyewe, na kunyamaza juu yake ni kuwaonea watoto. Serikali ya kikoloni ilianza kuandikisha vizazi miaka ya 1920 ikiwajali Wazungu na Wahindi, na Mwafrika akaachwa pembeni kwa muda mrefu. Baada ya uhuru tulichelewa. Mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili, wa kuandikisha bure watoto walio chini ya miaka 5, kwenye vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata, ulianzia Mbeya mwaka 2013. Watu wazima wanaohesabiwa pointi sasa walizaliwa kabla yake.

Kuna jambo ambalo cheti hakiwezi kulitatua. Mkoani Mara mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kuoa mke kwa mila ya nyumba ntobhu, na watoto wa mke huyo ni wake, wanamrithi na kumzika. Sheria ya Ndoa ya 1971 haiitambui ndoa hiyo, sembuse ofisa wa viza wa Toronto. Mtemi Burito naye, angeishi leo na kuhamia Uingereza, angeruhusiwa kuingia na mke mmoja tu. Sheria ya 1988 ilihakikisha hivyo. Wazazi wana hali ngumu zaidi. Tangu Julai 2012 mzazi anayetaka kumfuata mwanawe Uingereza lazima athibitishe kwamba hawezi kujihudumia katika mambo ya kila siku, na kwamba huduma hiyo haipatikani nchini kwake au hailipiki. Mama mwenye nguvu za kupalilia mihogo yake Mugango hana haki hiyo. Machi 2024 waliokwenda Uingereza kutunza wazee wa watu walizuiwa kuleta wenzi na watoto wao, na Julai 2025 mlango wa kuajiri watunzaji kutoka nje ukafungwa. Mtu anamwogesha mama wa mwingine huku mtoto wake akilelewa na bibi Butiama. Naiona hiyo kuwa dhuluma, hata ikiwa imepitishwa bungeni.

Nasi tunao ukomo wetu. Chini ya Sheria ya Uraia ya 1995, mtoto wa Mtanzania aliyezaliwa na uraia wa nchi nyingine anaweza kuwa na uraia wa nchi zote mbili akiwa mdogo, lakini akifikisha miaka 18 lazima auache mmoja. Wengi huacha wa kwetu, kwa kuwa ughaibuni ndiko shule na kazi zao ziliko. Mwaka 2025 Bunge lilirekebisha Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi, likaanzisha hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania walio raia wa nchi nyingine. Ni hatua njema, na naipongeza. Bado siyo uraia. Mjukuu wa Musoma aliyezaliwa Minnesota, akitaka kuja kukaa na bibi yake mwaka mzima, ataomba hadhi hiyo kwa kuthibitisha asili yake, na uthibitisho wenyewe ni cheti cha kuzaliwa cha mzazi, ambacho kwa wengi wa kizazi kile hakijawahi kuandikwa.