Ngege: Samaki wa Ziwa Viktoria Aliyepata Hifadhi Singida

Ngege (Oreochromis esculentus) ni samaki wa maji baridi wa jamii ya perege, na asili yake ni Ziwa Viktoria na Ziwa Kyoga. Hula mwani mdogo unaoelea majini. Jike hutamia mayai na kulea vifaranga kinywani, hivyo hutoa watoto wachache kuliko samaki wengi wanaotaga mayai na kuyaacha majini.

Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, ngege ndiye aliyekuwa kitoweo kikuu cha wakazi wa kandokando ya Ziwa Viktoria. Mwaka 1905 nyavu za makila ziliingizwa katika Ghuba ya Kavirondo, Kenya. Mwanzoni wavu mmoja ulinasa samaki 50 hadi 100 kwa usiku. Baada ya miaka 20 hivi walinaswa chini ya 10. Michael Graham, aliyefanya utafiti wa ziwa hilo mwaka 1927 na 1928, alipendekeza macho ya nyavu yasipungue inchi 5. Graham ndiye pia aliyempa ngege jina la kisayansi mwaka 1928.

Pigo kubwa zaidi lilikuja miaka ya 1950. Sato wa Nile aliletwa ziwani kuziba pengo la ngege, na sangara akapandikizwa. Sangara alimla ngege. Sato akamnyang'anya chakula na mazalio, tena akazaliana naye na kutoa machotara. Maji nayo yakachafuka, na mwani aliouzoea ukapungua. Ngege akatoweka karibu kabisa katika ziwa kuu.

Alinusurika katika maziwa madogo yasiyofikiwa na sangara, kama Kanyaboli nchini Kenya, na katika maji aliyopandikizwa na binadamu. Mojawapo ni maziwa ya Singida nchini Tanzania. Ndiyo maana kwa Kiingereza huitwa perege wa Singida.

Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira limemweka katika kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Hifadhi yake haihitaji mitambo: wavuvi watumie nyavu zenye macho makubwa, mazalio yalindwe, na wafugaji wa samaki wasimwage vifaranga vya sato wa Nile katika maziwa na mabwawa yenye ngege, kwa kuwa uchotara ukishaenea haurudishwi nyuma.