Mikono Mingi, Mtoto Mmoja

Wahenga waliacha methali mbili ambazo kwa juujuu huonekana kugombana. Ya kwanza husema mkono mmoja haulei mwana. Ya pili husema manahodha wengi chombo huenda mrama. Aaminiye ya kwanza atamwita jirani, mwalimu, mganga na mzee wa mtaa waje wamlinde mtoto. Aaminiye ya pili atachelea kwamba wote walioitwa watategeana, na mtoto atazama mbele ya macho yao. Historia ya ulinzi wa watoto katika Uingereza, tangu mwisho wa karne ya 19 hata siku hizi, ni historia ya taifa lililojaribu kuzipatanisha methali hizo kwa sheria. Jaribio hilo halikufanyika katika utulivu wa maktaba. Aghalabu kila hatua yake ilifuata jeneza dogo.

Hapo kale mtoto alihesabiwa kuwa wa nyumba ya baba yake, na mlango wa nyumba ulipofungwa dola haikubisha hodi. Ni jambo la kutahayarisha kwamba chama cha kuwakinga wanyama na ukatili kiliundwa London mwaka 1824, lakini chama cha kuwakinga watoto hakikuonekana mpaka mwaka 1883 katika Liverpool, na 1884 katika London, kwa kufuata mfano wa New York. Mwaka 1889 Bunge lilipitisha sheria ya kuzuia ukatili juu ya watoto, na mwaka uo huo chama cha London kikajitangaza kuwa cha taifa. Wakaguzi wake walizunguka mitaani wakisikiliza malalamiko na kuwapeleka wakosaji mahakamani. Huo ulikuwa wakati wa mkono mmoja. Ulikuwa mkono wa hisani na bidii, lakini ulikuwa wa watu binafsi. Dola iliutazama kwa mbali.

Karne ya 20 iliongeza mikono. Palikuwa na mabaraza ya miji na wilaya, wauguzi waliozuru wazazi majumbani, shule zilizolazimisha watoto wote kuhudhuria, polisi na mahakama. Kila mkono ulikuwa na kazi yake, lakini hakuna aliyeuliza mkono huu wafanya nini na ule. Jibu lilikuja kwa uchungu tarehe 9 Januari 1945, alipokufa Dennis O'Neill, mvulana wa miaka 12, katika shamba moja la wilaya ya Shropshire. Alikuwa amewekwa huko na baraza la mji wa Newport, lililo mbali katika Wales, kwa walezi waliolipwa posho ili wamtunze. Walimtesa na kumnyima chakula. Mtumishi wa baraza aliyelizuru shamba hilo mwezi Desemba 1944 aliona kwamba haifai mtoto kukaa pale, lakini neno lake halikupata miguu ya kutembea upesi. Mabaraza mawili yalihusika na mtoto mmoja, na kila moja lilidhani kwamba jicho la jingine li wazi.

Uchunguzi wa mwaka huo na taarifa ya kamati ya Curtis ya mwaka 1946 zilizaa Sheria ya Watoto ya mwaka 1948. Kila baraza lililazimishwa kuwa na idara ya watoto na ofisa wake mmoja mwenye kuwajibika. Mwaka 1950 wizara za mambo ya ndani, afya na elimu ziliandika waraka wa pamoja kuyashauri mabaraza yaunde kamati za kupatanisha kazi, ili watu wote wazurupo nyumba moja wajuane. Shauri lilikuwa jema, lakini lilikuwa shauri tu. Katika miji mingine kamati zilikutana. Katika mingine zilibaki kuwa jina katika jalada.

Baada ya hapo pakaja kifo cha Maria Colwell katika Brighton, mwezi Januari 1973. Maria alikuwa na miaka 7. Alikuwa amelelewa kwa miaka zaidi ya mitano na shangazi yake na mume wake, kisha mwaka 1971 akarudishwa kwa mama yake, ambako baba wa kambo alimpiga hata akafa. Jambo lililoishtua nchi halikuwa kwamba watu hawakujua. Walijua. Majirani walilalamika mara kwa mara. Mwalimu aliona mtoto akikonda na kunyongea. Mtumishi wa ustawi wa jamii alikuwa na faili lake, na mkaguzi wa chama cha hisani alikuwa na lake. Kila mmoja alishika kipande cha kigae, wala hapakuwa na aliyeviunganisha vipande vyote hata aone chungu kilichovunjika. Taarifa ya uchunguzi iliyotolewa mwaka 1974 ililitia lawama hilo kwa mfumo wenyewe wa mawasiliano kuliko kwa mtu mmoja.

Kwa hiyo, tangu mwaka 1974, serikali iliagiza kamati za mapitio katika kila eneo, daftari la watoto walio hatarini, na mikutano ya shauri la mtoto ambamo daktari, mwalimu, polisi na mtumishi wa ustawi huketi meza moja. Tangu hapo neno la kushirikiana likawa nguzo ya kazi hiyo katika Uingereza.

Walakini mikono mingi yaweza kukosea kwa pupa kama iwezavyo kukosea kwa uzembe. Mwaka 1987, katika jimbo la Cleveland, kaskazini ya nchi, madaktari wawili wa watoto waliamua katika miezi michache kwamba watoto 121 walikuwa wamenajisiwa. Wengi waliondolewa makwao. Daktari wa polisi na polisi wenyewe hawakukubaliana na madaktari wale. Watumishi wa ustawi waliwaunga mkono. Na wazazi wakabaki nje ya mlango. Wengi wa watoto hao baadaye walirudishwa nyumbani. Taarifa ya jaji Elizabeth Butler-Sloss ya mwaka 1988 ilikumbusha jambo ambalo kila upande ulikuwa umelisahau: mtoto ni mtu, si kitu cha kugombaniwa na wataalamu. Mafunzo hayo yalichangia Sheria ya Watoto ya mwaka 1989, iliyoanza kutumika Oktoba 1991. Sheria hiyo ililipa baraza la mtaa wajibu wa kuchunguza kila linapokuwa na sababu ya kushuku kwamba mtoto ameumizwa au yu karibu kuumizwa vibaya, na ikawataka wakuu wa elimu, nyumba na afya walisaidie.

Kwa hiyo, mwisho wa karne, sheria ilikuwapo, kamati zilikuwapo, na daftari lilikuwapo. Hapo ndipo lilipokuja shauri la Victoria Climbié, lililoonyesha kwamba vitu vyote hivyo vyaweza kuwapo na ulinzi usiwepo.

Victoria alizaliwa karibu na Abidjan, nchi ya Kodivaa, mwaka 1991. Wazazi wake walimtoa kwa jamaa mmoja wa kike wa ukoo wao, aliyeahidi kumpatia elimu Ulaya. Desturi ya kumpa ndugu mtoto amlee yajulikana vema Afrika nzima, wala si desturi mbaya. Walipita Ufaransa, wakafika London mwezi Aprili 1999. Mtoto alisafiri kwa paspoti ya mtoto mwingine na akaitwa Anna. Kwa hiyo hata jina lililoandikwa katika majalada ya wale waliopaswa kumlinda halikuwa lake.

Katika miezi kumi alijulikana kwa mabaraza manne ya mitaa ya London, vikosi viwili vya polisi wa ulinzi wa watoto, hospitali mbili na kituo kimoja cha chama cha hisani. Julai 1999 alipelekwa hospitali na majeraha. Daktari mmoja akashuku kwamba amepigwa, lakini mkubwa wake akaona ni upele, na mtoto akarudishwa. Siku chache baadaye alilazwa katika hospitali ya pili akiwa ameungua kichwani kwa maji ya moto. Habari zilipelekwa kwa simu na faksi; nyingine zilifika, nyingine zilikaa, na zilizofika zilisomwa kama kwamba mwingine ameshazishughulikia. Neno la upele liliwafanya mtumishi wa ustawi na polisi waogope kuizuru nyumba. Mtumishi aliyepewa shauri lake alionana naye mara nne, na mazungumzo yao yote kwa jumla hayakufika nusu saa. Victoria alikufa tarehe 25 Februari 2000, mwenye miaka 8. Majeraha na makovu 128 yalihesabiwa katika mwili wake.

Uchunguzi ulikabidhiwa Lord Laming. Ni ajabu, tena yenye mafunzo, kwamba ili aweze kuwahoji wote waliohusika, ilibidi uchunguzi wake uitishwe kwa sheria tatu kwa pamoja: ya watoto, ya afya na ya polisi. Dola yenyewe ilikuwa imegawanyika kama walivyogawanyika watumishi wake. Taarifa ya Januari 2003 ilihesabu nafasi 12 ambazo mtoto angaliweza kuokolewa, na ikatoa mapendekezo 108. Nafasi hizo hazikuhitaji elimu kubwa. Zilihitaji mtu asome karatasi iliyokuwa mezani, apige simu, abishe hodi, amketishe mtoto na kumwuliza kwa lugha anayoijua.

Sheria ya Watoto ya mwaka 2004 ikaamuru jambo lililokuwa shauri tu mwaka 1950. Kuanzia Aprili 2006 kila eneo la England lilikuwa na bodi ya ulinzi wa watoto, ambamo baraza la mtaa, polisi, hospitali na wengine waliwajibika kwa sheria kushirikiana, na kuchunguza kila kifo chenye mashaka. Hata hivyo, tarehe 3 Agosti 2007, katika Haringey, mojawapo ya mitaa ile ile iliyomjua Victoria, alikufa mtoto Peter Connelly wa miezi 17, baada ya kuonwa na watumishi mara zipatazo 60. Daftari kubwa la kompyuta la watoto wote wa England lilianzishwa, kisha likafungwa mwaka 2010. Mwaka 2011 Profesa Eileen Munro alionya kwamba kanuni zimekuwa nyingi mno, hata mtumishi hutumia saa zake kujaza fomu badala ya kukaa na watoto. Sheria ya mwaka 2017 iliziondoa bodi zile, ikauweka wajibu juu ya washirika watatu walio sawa: baraza la mtaa, polisi na mamlaka ya afya.

Huenda msomaji akasema, basi yote hayo ni bure. Si kweli. Kabla ya mwaka 1889 mtoto aliyeteswa hakuwa na mlango wa kubisha. Leo anayo mingi, na wako waliookolewa ambao historia haiwaandiki, kwa sababu historia huandika waliokufa. Lakini njia hii ya zaidi ya miaka mia yaonyesha kwamba methali zile mbili hazigombani. Mkono mmoja haulei mwana; walakini mikono mingi isiyoshikana si mikono mingi, ni mkono mmoja mmoja mara nyingi. Na nahodha lazima awepo, si wa kuamuru wenzake tu, bali wa kujibu aulizwapo: ni nani kati yenu aliyezungumza na mtoto huyu leo?

Swali hilo si la Waingereza peke yao. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 nayo imezipa serikali za mitaa wajibu wa kulinda na kukuza ustawi wa watoto walio katika maeneo yao, na imemtaka kila mwanajamii atoe habari aonapo haki za mtoto zikivunjwa. Na katika Zanzibar, vituo ambamo mtoto aliyeumizwa huonana na daktari, polisi na mshauri pahali pamoja, bila kutangatanga, huitwa vituo vya Mkono kwa Mkono. Jina hilo limechaguliwa vema. Taarifa ya Lord Laming ina mamia ya kurasa, na katika hizo zote hapana neno lililokosekana kwa Victoria zaidi ya hilo.