Fahamu: Msaada wa homuweki kwenye simu, maktaba ikiwa mbali

Mwanafunzi wa Mlingotini, kijiji cha wakulima wa mwani wilayani Bagamoyo, akikwama na homuweki usiku afanyeje? Maktaba Kuu ya Taifa, aliyoifungua Mwalimu Nyerere Desemba 9, 1967, iko Dar es Salaam.

Simu ya mzazi inaweza kusaidia. Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) imeweka vitabu vya kiada vya msingi na sekondari kwenye Maktaba Mtandao, unavisoma bila kununua.

Lakini kitabu hakiulizwi swali kikajibu. Hapo ndipo wanapoingia Shule Direct, iliyoanzishwa 2013 na Faraja Nyalandu. Wana notsi za sekondari, pia Ticha Kidevu, mwalimu wa kuchati naye. Kenya, huduma ya Shupavu 291 ilitumia SMS, hivyo hata kiswaswadu kilitosha.

Kumbuka: kitabu ni bure, bando ni lako. Mzazi akirudi na simu, fungua sura unayoihitaji tu, nakili mfano kwenye daftari, kisha fanya swali mwenyewe. Ukikwama tena, kesho mwoneshe mwalimu ulipoishia. Usikopi jibu, kwenye mtihani simu haiingii.