Kibarua, Kipande na Mama wa Langoni: Habari za Kazi Katika Kawangware

Imekuwa desturi ya Chama chetu, hesabu za mwaka zikishasomwa, kuweka kurasa chache za habari za kale za mahali petu. Mwaka huu tumechagua habari ya kazi, na sababu yake ni ugomvi uliotokea juu ya daftari letu wenyewe.

Daftari la wanachama lina safu ya kuandikia kazi ya kila mtu. Mama mmoja, ambaye kila alfajiri hushika Barabara ya Gitanga kwenda kungojea kazi ya kufua katika malango ya Lavington, aliandikwa na karani wetu "hana kazi". Aliposomewa maneno hayo alikataa kutia sahihi. Alisema ya kwamba ametoka nyumbani kabla ya jua, amesimama langoni hadi adhuhuri, na kurudi mikono mitupu ni bahati ya siku ile, si kukosa kazi. Twakiri ya kwamba hatukuwa na jibu.

Kazi katika nchi hii ni ya zamani kuliko jiji. Mwaka 1890 Kapteni Lugard alipojenga boma Dagoretti kwa mapatano na Waiyaki wa Hinga, misafara ya kwenda Uganda ilikuwa ikinunua chakula kwa Wakikuyu wa hapa: unga, kunde, viazi vitamu. Vyakula hivyo vililimwa na kubebwa mno na wanawake. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, tumbo likawa kubwa zaidi, na njia za miguu zilizokwenda kwa misafara zikageuka kwenda sokoni.

Kibera ilianza kwa namna nyingine. Askari Wanubi wa King's African Rifles walipewa ruhusa ya kukaa na kulima huko kwa karatasi zilizoitwa pasi za shamba. Ardhi yenyewe ikabaki ya Serikali. Wajukuu wao walingoja hati ya ardhi ya jamii hadi mwaka 2017, nayo ilikuwa ya eka 288 tu. Kawangware, kwa upande wake, ilikuwa katika ardhi ya Wakikuyu, mashamba ya urithi yenye wenyewe, nayo ikaingizwa katika mipaka ya Nairobi katika miaka ya 1960. Kwa hiyo mwenye shamba wa Kawangware aliacha kupanda mahindi akapanda vyumba, na mpangaji akawa zao lake. Hatusemi hivi kwa dharau; wengi wa wanachama wetu ni wapangaji, na baadhi ni wenye vyumba.

Turudi kwenye karatasi, maana ndiyo kiini cha ugomvi wetu. Neno kibarua ni barua ndogo. Huko pwani, zamani za utumwa, mtu aliyekodishwa kwa siku aliitwa hivyo kwa sababu ya kijikaratasi alichopewa kuwa ushahidi wa kazi yake. Na kama alikuwa mtumwa, ujira hakuula peke yake, bali aligawana na bwana wake. Bara, karatasi ilikuja kwa jina la kipande. Sheria ya mwaka 1915, iliyotiwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 kuchukua cheti chenye alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara wake, ndani ya kibweta cha bati kilichoning'inia shingoni. Wazee waliokivaa walisema ya kwamba walifungwa kengele kama mbuzi.

Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko ya Harry Thuku. Alipokamatwa Machi 1922, umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi, na tarehe 16 ukapigwa risasi. Mmoja wa waliouawa ni Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewahimiza wanaume wasirudi nyuma. Yeye, kwa kuwa mwanamke, hakulazimishwa kuvaa kipande. Sheria ile haikumtesa mwanamke kwa kibweta. Lakini pia haikumwandika popote kuwa ni mfanyakazi.

Wakati huo kazi za nyumbani katika nyumba za Wazungu zilikuwa za wanaume hasa: mpishi, boi, mtunza bustani, ambao walilala katika vyumba vya nyuma ya nyumba, na wake zao wakabaki mashambani. Mshahara ulikadiriwa kama wa mtu mseja. Kamati ya Carpenter ilikiri mwaka 1954 ya kwamba mshahara huo hauwezi kulisha jamaa. Baada ya Uhuru wanawake waliingia katika kazi hizo zaidi na zaidi, na siku hizi wengi hawalali kwa mwajiri tena. Hulipwa kwa siku, au kwa mzigo wa nguo, na huitwa mama fua.

Anayepita langoni hudhani ya kwamba wamekaa tu. Tuliokwenda kukaa nao tumeona utaratibu. Aliyefika kwanza hujulikana, na mgeni hasimami mbele yake. Askari wa lango ndiye mshenga, naye hutarajia chochote. Anayepata mzigo mkubwa humwita mwenzake, wakagawana ujira. Hali kadhalika wanaume wa Kibera, wanaofuata njia ya reli kwa miguu hadi Eneo la Viwanda ili kuokoa nauli: nao husimama mbele ya lango la kiwanda, karani akachagua.

Shirika la Kazi la Kimataifa lilitoa taarifa juu ya Kenya mwaka 1972, likasema ya kwamba maskini wengi wa mjini wanafanya kazi, tena kwa bidii, ila ujira wao ni mdogo mno. Imepita zaidi ya miaka 50, na habari hiyo ilikuwa haijafika mezani kwa karani wetu.

Halmashauri imeamua kuyafuta maneno "hana kazi" katika daftari lote. Mama yule ameandikwa "mfuaji", akatia sahihi. Kisha akauliza kama siku za kungoja zitahesabiwa pamoja na siku za kufua katika msaada wa wagonjwa. Swali hilo litaletwa mbele ya Mkutano Mkuu.